Samaki Mdogo wa Ziwa Nakuru

Ukisafiri kutoka Nairobi kwa barabara kuu iendayo magharibi, kabla hujaingia katikati ya Nakuru utapita mtaa uitwao Free Area. Ni mtaa wa watu wa kazi: wenye maduka, mafundi, waalimu, madereva, wachuuzi wa mboga, na watoto wengi waendao shule asubuhi. Kusini ya mji, mwendo usio mrefu kutoka hapo, limelala Ziwa Nakuru. Mtoto wa mtaa huu hukua akiwa jirani wa vifaru, nyati, twiga, na ndege ambao watu wa mbali hupanda ndege ya angani ili waje kuwaona. Lakini kati yake na jirani hao pana uzio, na huenda akamaliza masomo ya sekondari bila ya kuingia ndani yake hata mara moja.

Sasa tuseme kwamba kijana mmoja wa mtaa huo amefaulu mtihani wake, akawaambia wazazi wake kuwa anataka kwenda chuo kikuu kusomea uhifadhi wa wanyama wa porini na samaki. Waweza kukisia majibu atakayopata. Baba atauliza kama yafaa kutumia miaka minne na karo nyingi ili mtu awe mlinzi wa porini. Mama atauliza kama samaki nao husomewa, maana mvuvi hujua kuvua bila ya kalamu. Maswali haya si ya kuchekwa. Yatoka kwa watu waliojinyima ili mtoto wao asome, nao wana haki ya kupewa jibu.

Jibu hilo, msomaji wangu, limo katika historia, na wala si historia ya mbali. Nitalianza na samaki mmoja mdogo ambaye ukimweka katika kiganja chako atatosha bila ya kuzidi. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, ndipo uamue mwenyewe kama kijana yule alichagua vema au vibaya.

Kwanza yafaa ulifahamu ziwa lenyewe. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit humimina maji yake ndani ya Ziwa Nakuru, lakini hapana mto utokao. Maji hupungua kwa nguvu za jua tu, na jua lichukuapo maji huyaacha magadi nyuma. Mambo yamekwenda hivyo kwa maelfu ya miaka, hata maji ya ziwa yakawa makali, na samaki wa kawaida hawezi kuishi ndani yake. Kwa hiyo zamani ziwa hili halikuwa na samaki.

Usidhani kwa sababu hiyo kwamba lilikuwa maji maiti. Ndani ya maji hayo makali huota mwani mdogo sana usioonekana kwa jicho tupu, nao ukistawi hulipaka ziwa zima rangi ya kijani. Mwani huo ndio chakula cha heroe mdogo, ndege ambaye wengi humwita flamingo. Heroe hula akiwa ameinamisha kichwa, na mdomo wake huchuja maji kama chujio lichujavyo chai. Wataalamu walipima wakaona kwamba heroe mmoja hula mwani wa gramu 70 hivi kwa siku, ukipimwa ukiwa mkavu. Ni kiasi kidogo. Lakini katika miaka ya neema heroe wa Ziwa Nakuru walikadiriwa kupita milioni moja. Chukua kalamu yako ufanye hesabu: ndege 1,000,000 kwa gramu 70 ni tani 70 kila siku. Hapana shamba la binadamu katika wilaya ile lililotoa mavuno ya namna hiyo bila ya kulimwa.

Wingi huo wa ndege ndio uliowafanya watu wafikiri juu ya kulilinda ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sehemu yake ilitengwa kuwa hifadhi ya ndege, na kufika 1968 lilikuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Lakini kabla ya hapo lilikuwa limekwisha kutendewa jambo jingine, ambalo kwa wakati ule lilionekana dogo.

Katika miaka kati ya 1953 na 1962 samaki wadogo waliletwa mara kadhaa kutoka Ziwa Magadi, karibu na mpaka wa Tanzania, wakatiwa katika Ziwa Nakuru. Shabaha ilikuwa njema na rahisi kueleweka: samaki hao wale viluwiluwi vya mbu. Nakuru ulikuwa mji unaokua, na mbu hana rafiki.

Samaki aliyechaguliwa si wa kawaida. Ni wa jamii ya perege, lakini ni perege aliyezoea shida. Kwao Magadi huishi katika chemchemi ambazo joto lake hupita digrii 40, katika maji ambayo yangemwua perege mwingine upesi. Mama huyahifadhi mayai na vifaranga vyake kinywani. Tena ana siri nyingine, ambayo haikujulikana wakati alipochukuliwa. Samaki wengi hutoa taka za mwilini mwao kwa njia ambayo haiwezekani katika maji ya magadi. Huyu hugeuza taka yake ikawa kama ile iliyomo katika mkojo wa binadamu na ng'ombe. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 1989 na kundi la wataalamu kutoka nchi mbalimbali, na mmoja wao alikuwa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ona basi: samaki alihamishwa kwanza, na elimu juu ya mwili wake ilikuja miaka zaidi ya ishirini baadaye.

Samaki alistawi. Alikula mwani, akazaana, akajaza ziwa. Hapo likatokea jambo ambalo halikuwamo katika shabaha ya kwanza. Ziwa ambalo tangu zamani lilikuwa meza ya heroe sasa likawa meza ya walaji samaki. Walikuja mwari kwa maelfu, wakaja mnandi, kulastara na furukombe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwari weupe walianza kuzaliana kwa wingi katika visiwa vya mawe vya Ziwa Elmenteita, ambako maadui wa nchi kavu hawafiki kwa urahisi. Elmenteita haikuwa na samaki wa kuwatosha. Basi kila siku waliruka juu ya vilima kwenda Nakuru kuvua, wakarudi na chakula cha makinda yao. Ziwa moja likawa jiko, na jingine likawa nyumba ya kulala.

Msomaji, tazama jinsi mambo yalivyofungamana. Samaki wa kula mbu aliligeuza ziwa zima, na akaleta uzazi wa ndege katika ziwa jingine ambalo yeye hakupata kuliona. Safari hii matokeo yalipendeza. Ndege waliongezeka aina, na wageni wakafurahi. Lakini yafaa tukiri ukweli: ilikuwa bahati. Mtu akirusha jiwe gizani na jiwe likaangusha embe, hatuwezi kusema kwamba ana shabaha.

Kwamba ilikuwa bahati twajifunza kwa majirani. Enda Naivasha, safari fupi kutoka Nakuru. Ziwa la huko lina maji baridi yanayofaa kunywewa na kumwagilia mashamba. Zamani samaki wake wa asili alikuwa mmoja tu, mdogo sana. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliletwa samaki wa Marekani mwenye kinywa kikubwa, mlaji wa wenzake, ili mabwana wavuao kwa ndoana wapate mchezo wao. Baadaye walitiwa perege wa aina mbalimbali. Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu wa maji baridi, ambaye asili yake ni Louisiana, Marekani. Yule samaki mdogo wa asili alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962, na tangu hapo hakuonekana tena. Mayungiyungi na mimea mingine ya majini ilipungua sana, na wataalamu walimhesabu kamba miongoni mwa waharibifu. Ni kweli kwamba wageni hao waliwapa watu kazi na kitoweo. Lakini uvuvi wenyewe ulipanda na kushuka, hata mwaka 2001 ikabidi ziwa lifungwe lisivuliwe ili samaki wapate kupumua.

Sasa enda mbali zaidi, mpaka Ziwa Viktoria. Katika 1927 na 1928 mtaalamu wa Kiingereza, Michael Graham, alitumwa kuchunguza uvuvi wa ziwa hilo. Aliwaza juu ya samaki mkubwa mla samaki ambaye wengi nchini Kenya humwita mbuta na Tanzania humwita sangara, naye akaonya kuwa kumtia ndani ya Viktoria bila ya uchunguzi mkubwa ni hatari. Mwaka 1947 kituo cha utafiti wa samaki kwa Afrika Mashariki kilianzishwa Jinja, Uganda, na huko pia wataalamu walibishana juu ya jambo hilo. Hata hivyo katika miaka ya 1950 mbuta alitiwa. Kwa muda mrefu hapakuonekana kitu. Kisha katika miaka ya 1980 alizaana kwa kasi ya moto wa nyika. Samaki wadogo waitwao furu, ambao walikuwamo kwa mamia ya aina, waliliwa. Na wengi wa wataalamu hukadiria kuwa aina 200 hivi zilitoweka.

Je, tuseme mbuta alileta hasara tupu? La. Viwanda vilijengwa, minofu ikasafirishwa Ulaya, na watu wengi wakapata mshahara. Lakini furu aliweza kuanikwa juani na mama yeyote mwenye jamvi, na mbuta ni mwenye mafuta mengi, hukaushwa kwa moshi, na moshi hutaka kuni. Minofu ilipokwenda Ulaya, wakazi wengi wa pwani ya ziwa walinunua mifupa iliyobaki, wakaipa jina la mgongo wazi. Faida ilipatikana, na hasara ilipatikana, lakini hazikuangukia mikono ileile. Hili ni somo ambalo hesabu ya tani peke yake haiwezi kulifundisha.

Labda sasa utaniuliza: Katika miaka hiyo, ni nani aliyekuwa akiuliza maswali, na ni nani aliyekuwa akitoa amri? Hapa historia yetu yaingia darasani.

Katika siku za ukoloni, idara za wanyama na samaki ziliongozwa na Wazungu, na wengi wao walikuwa askari wa zamani au wawindaji. Baadhi walikuwa na bidii ya kweli. Mfano wao ni Leslie Brown, mtaalamu wa kilimo nchini Kenya, ambaye kwa mapenzi yake mwenyewe alitafuta mahali heroe wanapozaliana. Mwaka 1954 aliwapata katika Ziwa Natron, Tanganyika. Alipojaribu kuwafikia kwa miguu juu ya tope la magadi, tope lilimchoma miguu hata akalazwa hospitali kwa majuma mengi, na ilikuwa karibu apoteze maisha. Elimu yetu juu ya uzazi wa heroe wa Nakuru ilianzia katika majeraha hayo, na kutokana nayo twajua kwamba mtu hawezi kuwalinda heroe wa Kenya bila ya kulilinda ziwa lililoko Tanzania.

Lakini Mwafrika wa wakati huo alikuwa na nafasi gani? Alikuwa mchukuzi wa mizigo, mwonyesha njia, au askari wa doria. Ikiwa aliwinda kama babu yake alivyowinda, aliitwa jangili, hali mgeni mwenye kibali na bunduki aliitwa mwindaji. Alijua majira ya samaki na nyayo za wanyama, lakini hakuitwa mtaalamu, maana ujuzi wake haukuandikwa. Kwa hiyo uhuru ulipokaribia, swali kubwa lilikuwa hili: Watu watalinda vipi mali ambayo wamefundishwa kwamba si yao?

Septemba 1961 mkutano mkubwa juu ya uhifadhi ulifanyika Arusha. Julius Nyerere alitoa tamko kwamba wanyama wa porini ni amana kubwa, na kwamba serikali yake itawahifadhi kwa ajili ya wajukuu. Lakini pia alieleza wazi kuwa kazi hiyo yahitaji mafunzo, watu na fedha, na kwamba mataifa mengine yapaswa kusaidia. Mwaka 1963 chuo kilifunguliwa Mweka, katika miteremko ya Kilimanjaro, kuwafundisha Waafrika usimamizi wa wanyama wa porini. Hugh Lamprey alikuwa mkuu wake wa kwanza, na wanafunzi walitoka katika nchi nyingi.

Wakati huohuo wasomi wetu wa kwanza walikuwa wamekwisha kufungua njia. David Wasawo, mwana wa Kenya, alisoma Makerere na Oxford, akafundisha elimu ya wanyama huko Makerere, na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa chuo kikuu kilichokuwa kikikua Nairobi. Perez Olindo, aliyesoma Marekani, aliteuliwa mwaka 1966 kuongoza Hifadhi za Taifa za Kenya, akiwa Mwafrika wa kwanza katika cheo hicho.

Na hapa pana jambo ambalo lakuhusu wewe hasa, mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule za Kenya waliunda vyama vya kuhifadhi wanyama wa porini katika shule zao, vikaunganika kuwa chama kimoja cha taifa. Kwa kadiri ijulikanavyo, harakati za namna hiyo zilikuwa za kwanza katika Afrika. Wale hawakuwa wenye shahada. Walikuwa vijana wenye sare kama wewe. Baadaye chama hicho kilijenga mahali pa kulala wanafunzi ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, ili mtoto wa mfanyakazi naye apate kuona kile ambacho mtalii hukijia kutoka mbali.

Vyuo vikuu navyo viliongezeka. Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Moi kilifunguliwa Eldoret, na masomo yake ya kwanza yalikuwa ya misitu. Kisha kikafundisha usimamizi wa wanyama na uvuvi. Huko Njoro, kando ya mto uleule uingiao Ziwa Nakuru, shule ya kilimo iliyoanzishwa na Bwana Egerton mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu iligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987, na wanafunzi wake wamepima maji ya mto huo na ya ziwa. Naivasha palikuwa na chuo cha mafunzo ambacho jina lake lilitaja wanyama na samaki pamoja, na hapo ndipo yalipo makao ya Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, iliyotokana na sheria ya 2013. Kuunganishwa kwa majina hayo mawili si jambo la bahati. Wewe mwenyewe umekwisha kuona, kwa habari ya mwari na perege wa Magadi, kwamba asiyejua samaki hawezi kujua ndege.

Basi mwanafunzi hufundishwa nini huko? Baba wa Free Area alidhani ni ulinzi, na sehemu ndogo ni ulinzi. Lakini kazi ya kwanza ni kuhesabu visivyohesabika. Nikupe mfano. Utawezaje kujua idadi ya samaki katika bwawa bila ya kulikausha? Wavue samaki 100, uwatie alama, uwarudishe. Baada ya siku kadhaa wavue tena 50, utazame. Wakiwa watano tu ndio wenye alama, maana yake ni kwamba wenye alama ni mmoja katika kila kumi. Na kwa kuwa uliwatia alama 100, samaki wote ni 1,000 hivi. Hesabu hiyo yaweza kufanywa na mtoto, lakini ina mitego mingi: alama zikidondoka, au samaki wenye alama wakifa au wakijifunza kukimbia nyavu, jibu litakuwa la uongo. Chuo hufundisha hesabu, na zaidi hufundisha kuishuku.

Kazi ya pili ni kuyasoma maji: ukali wake, joto lake, hewa iliyomo, na sumu iliyoletwa na mito. Kazi ya tatu ni kusoma umri wa samaki katika miviringo ya magamba na ya vijiwe vya masikioni mwake, kama wasomavyo wengine umri wa mti, ili ijulikane nyavu ziwe na matundu ya ukubwa gani. Kisha iko sheria, maana tangu 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mhifadhi hana budi kujua apewacho raia na akatazwacho. Mwisho iko kazi ngumu kupita zote, nayo ni kukaa na watu chini ya mti, kuwasikiliza bila ya kiburi, na kuandika ujuzi wao ambao zamani haukuandikwa.

Je, kazi hizo zahitajika bado? Rudi nami Nakuru ujionee. Mto Njoro hutoka katika Msitu wa Mau. Mwaka 2001 serikali ilitoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau ya Mashariki zisiwe msitu tena, na miti mingi ikakatwa. Katika miaka ya 1980 hifadhi ilizungushiwa uzio wa umeme, na vifaru wakapata usalama. Lakini uzio haukuzuia maji machafu wala udongo, kwa kuwa hivyo hupita mtoni. Mwaka 1990 ziwa liliorodheshwa kuwa ardhi oevu yenye thamani kwa mataifa yote, na katikati ya miaka hiyohiyo ya 1990 lilikauka karibu lote. Mwaka 2011 liliingizwa katika urithi wa dunia pamoja na Bogoria na Elmenteita, na katika miaka hiyohiyo maji yalianza kupanda kupita ilivyozoeleka. Kabla ya hapo eneo lake lilikuwa kilomita za mraba 40 hivi. Kufika 2020 lilipita 60. Lango kuu la hifadhi lilizama, na nyumba za watu kando ya ziwa ziliingiwa na maji.

Maji yalipoongezeka, ukali wake ulipungua. Mwani wa heroe ukadhoofika, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Kisha samaki wa maji baridi, wasiokuwa yule wa Magadi, wakaonekana katika Ziwa Nakuru. Watu wenye njaa na wasio na kazi hawakungoja kuambiwa, waliingia kuvua. Wakuu wakaonya kwamba ziwa hupokea maji ya mji, na samaki wake waweza kuwa na sumu. Tena viboko na nyati hawabagui mwenye njaa na mwenye shibe.

Sasa, msomaji, niambie: Ungekuwa wewe mwenye kuamua, ungefanyaje? Ukiwaacha watu wavue, waweza kuwalisha watoto sumu. Ukiwakataza bila ya kupima, waweza kuwanyima chakula kwa hofu tu, na ukawarudisha katika siku zile ambapo mwenye njaa aliitwa jangili. Hapana njia ila moja: kumvua samaki, kumpasua, kupima kilichomo ndani ya nyama yake, kurudia mwezi kwa mwezi, kisha kuwaambia watu ukweli kwa lugha waielewayo, hata kama ukweli huo hauwapendezi wao au wakubwa. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na bunduki, wala na huruma peke yake. Yataka mtu aliyesoma, na ingefaa awe mtu ambaye mama yake hununua samaki katika soko lilelile.

Hilo ndilo jibu langu kwa wazazi wa Free Area. Mtoto wao haendi chuo kikuu kujifunza kulinda uzio. Aenda kujifunza kuuliza kabla ya kutenda, ili jambo lifanyikalo ziwani lisitegemee tena bahati. Samaki mdogo wa Magadi aliletwa kwa nia njema. Mbuta naye aliletwa kwa nia iliyodhaniwa kuwa njema. Nia zilifanana, matokeo hayakufanana.

Nawe usingoje shahada ndipo uanze. Elimu ya viumbe, kemia, hesabu na jiografia unazofundishwa sasa ndizo mlango wa kazi hii. Nunua daftari la bei ndogo. Andika siku mvua iliponyesha na kiasi chake, ndege uliowaona na idadi yao, mto wa karibu nawe ulipojaa na ulipokauka, na rangi ya maji yake. Waulize wazee ulivyokuwa walipokuwa watoto, uandike majina na maneno yao. Daftari hilo likitunzwa miaka kumi litakuwa na habari ambazo hapana profesa awezaye kuzipata kwa kuja siku mbili na gari. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Na katika historia ya maziwa yetu, hasara kubwa zilitoka kwa watu waliokuwa na hakika upesi mno.